Nilirudi nyuma hatua moja, mkanda ukaondoka

BARUA YA MSOMAJI

Shikamoo Anti,

Naomba jina langu usilitoe wala jimu ninayofanyia mazoezi, maana dunia ya ngumi hapa Dar ni ndogo, mtu akikohoa Mbagala wanamsikia mpaka Manzese. Mi ni bondia wa ngumi za kulipwa, nina miaka 27, uzito wangu ni kilo 61. Nimepanda ulingoni mara 16, nimeshinda 13. Mpaka miezi minne iliyopita nilikuwa na mkanda wa ubingwa. Sasa hivi sina, na namna nilivyoupoteza ndio imefanya nikuandikie, kila mtu ana maneno yake juu yangu na mimi mwenyewe sijielewi.

Nianzie mbali kidogo. Miaka miwili iliyopita nilipigana na jamaa mmoja wa Morogoro, pambano la raundi nane. Jamaa alikuwa mzuri, ana jebu, ile ngumi ya mkono wa mbele, inauma, raundi tano za kwanza alinisumbua kweli. Raundi ya sita nikampata na kushoto ya pembeni, akayumba akaegemea kamba, mikono imeshuka chini. Refa alikuwa amesimama upande ambao hamuoni usoni. Mi nilimuona Anti. Nilimuona kabisa kwamba ameisha, macho yamefunguka ila hayaangalii kitu, na nikampiga nyingine tatu. Ukumbi ulilipuka, watu wakanibeba mabegani, usiku ule nikapewa na bonasi juu. Yeye alitolewa kwa machela. Alifanyiwa upasuaji wa kichwa, akapona kwa maana ya kwamba yuko hai. Ngumi basi tena. Kuna mtu anaishi mtaa wao aliniambia jamaa anaongea polepole siku hizi, na mchana anashinda ndani kwa sababu jua linamuumiza kichwa. Anaishi na mama yake, mama anauza vitumbua.

Sijawahi kwenda kumuona. Nilituma hela kwa simu mara moja, laki na nusu, kwenye namba ya mama yake. Akanijibu kwa meseji, "Asante mwanangu, Mungu akulinde huko ulingoni." Ile meseji ninayo mpaka leo, sijaifuta na sijaijibu.

Mpaka usiku ule ushindi wangu wote ulikuwa wa KO, mtu anaanguka hainuki, mara tisa pamoja na huo. Baada ya pale nimeshinda mara nne na zote kwa pointi, hata mkanda niliuchukua kwa pointi. Watu wakasema nimekomaa, nacheza kwa akili sasa. Mi nikaacha waamini hivyo.

Sasa pambano la kutetea mkanda, raundi kumi. Raundi ya nne nikampata mpinzani wangu vizuri, miguu ikamwisha, akaja kwenye kamba vile vile kama yule wa Morogoro, mikono chini vile vile. Nikarudi nyuma hatua moja. Nikamuangalia refa. Refa akapunga mkono, pigeni. Sikwenda. Nilisimama tu Anti, sijui sekunde ngapi, kona yangu, kocha na wasaidizi, wanapiga kelele mpaka sauti zinakatika, halafu kengele ikalia. Jamaa akamwagiwa maji, akapumua, raundi ya tano akarudi mtu mwingine. Mi kuanzia hapo mdomo ulikuwa mkavu miguu mizito, wiki ya mwisho nilikata kilo nne na nusu kwa kukimbia na masweta na siku ya kupima uzito sikula wala kunywa, ila hiyo ndio kawaida yetu. Raundi ya saba akaniangusha. Nikapoteza kwa pointi.

Kocha wangu alikaa wiki mbili haongei na mimi. Kocha huyu amenitoa mbali, amenilisha nikiwa sina kitu, nimuite baba sio dhambi. Alipokuja kuongea akasema bingwa lazima awe na roho ya kuua, wewe roho yako imeoza kwa huruma, umekuwa nesi. Marudiano yamepangwa, bado miezi mitatu, na hela yake ni ya kupaua nyumba yangu ya vyumba viwili Chamazi ambayo imesimama kwenye lenta tangu mwaka jana. Kocha ana dawa yake. Anajua kwamba nilianza ngumi kwa sababu ya baba yangu mzazi, alikuwa anampiga mama mbele yetu, mi nikiwa na miaka 11 nikaapa nitakua nimzuie. Baba alifariki kabla sijakua. Sasa kocha kila nikigonga begi ananiambia, "Huyo ni baba yako, mama yako yuko chini, unafanya nini?" Na kweli ngumi zinatoka Anti, zinatoka ngumi ambazo sijawahi kupiga.

Ila wiki iliyopita nyumbani mke wangu aliniuliza kitu cha kawaida tu, kama nimelipa umeme, nikapiga ukuta wa jikoni. Sikumgusa. Sijawahi kumgusa. Lakini alishika tumbo lake kwa mikono miwili, ana mimba ya miezi saba, na ile sura aliyoniangalia nayo naijua, niliiona kwa mama yangu.

Yeye anataka niache ngumi kabisa. Anasema aliyempenda ni yule aliyerudi nyuma hatua moja. Kocha anasema yule aliyerudi nyuma ndio aliyeniibia mkanda. Mi nauliza, mtu mwenye huruma anaweza kuwa bingwa kweli, au nijilazimishe kuwa mnyama kwa miezi mitatu halafu nirudi kuwa mtu?

Bondia, Dar es Salaam


ANTI ANAJIBU

Marahaba mwanangu.

Barua yako niliisoma jana usiku, nikaisoma tena leo alfajiri kabla sijashika kalamu. Mimi sijapigana ngumi ila nimekulia nyumba ya bondia. Kaka yangu mkubwa alicheza ngumi za ridhaa miaka ya 80, na siku ya pambano marehemu mama alikuwa anatoa nguo zote ndani, hata zilizo safi, anafua mpaka kaka aingie getini. Hakuwahi kwenda kuangalia hata moja. Kwa hiyo huyo mke wako aliyeshika tumbo, mimi namuona vizuri kabisa kama vile niko hapo jikoni.

Na ndio maana nataka tuanzie jikoni kabla ya ulingo. Umeniuliza kama unaweza kuwa mnyama miezi mitatu halafu urudi kuwa mtu, na jibu la swali hilo sehemu yake umeshaliandika mwenyewe, wiki chache tu za hiyo dawa na tayari imetoka jimu ikakufuata nyumbani. Simtukani kocha wako, mtu aliyekulisha ukiwa na njaa hasemwi ovyo, na naamini anatafuta ushindi wako kwa njia anayoijua. Lakini anachokiamsha ni cha mtoto wa miaka 11, na mtoto wa miaka 11 hajui kwamba begi ni begi na ukuta ni ukuta. Hilo ongea na mkeo wiki hii, usingoje. Usimwambie tu samahani nilikuwa na stresi. Mwambie kile ulichoniambia mimi, kwamba uliijua ile sura, na kwamba uliiona kwa mama yako. Kama unaweza pata pia mtu wa kuongea naye kuhusu baba, mshauri wa hospitali au kiongozi wako wa dini unayemuamini, maana hayo ni mazito kuliko safu ya gazeti. Na kama siku moja ukuta hautatosha, toka nje ya nyumba hapo hapo, nenda kalale kwa rafiki yako.

Haya, sasa ngumi.

Jinsi ninavyokuelewa ni hivi. Ulimpiga mtu ambaye ulishaona ameisha, akaumia maisha yake yote. Miaka miwili baadae ukaletewa picha ile ile, kamba zile zile, ukashindwa kurudia, na ukapoteza mkanda. Watu wawili unaowapenda wamekugawana, mmoja anataka aliyepiga ngumi tatu, mwingine anataka aliyerudi nyuma, na wewe umeamini kwamba ndani yako kuna hao wawili na lazima mmoja afe ili mwingine aishi. Mimi hapo ndio naomba tukae kidogo kwanza.

Una uhakika gani kwamba huruma ndio iliyokupokonya mkanda? Nakuuliza kwa upole kabisa. Umepitisha kitu kwenye barua yako kama vile sio kitu, kilo nne na nusu kwa wiki moja, huli hunywi siku ya kupima, halafu kuanzia raundi ya tano mdomo mkavu miguu mizito. Raundi kumi zina dakika thelathini za ngumi, wewe ulisimama sekunde chache za raundi ya nne, na bado zilibaki raundi sita nzima za kushinda kwa pointi kama ulivyoshinda mara nne zilizopita. Huenda zile sekunde ndio zilikugharimu kweli, mimi sikuwepo. Lakini huenda pia mwili mkavu ndio uliokuangusha ile ya saba, na ukavu wa maji ni kitu ambacho madaktari wa ngumi wanakiogopa sana hasa kwa upande wa kichwa. Lawama zote mmeimwagia huruma kwa sababu huruma ilionekana na ukumbi mzima, kiu haikuonekana na mtu.

Swali lingine ni gumu kidogo. Siku ile ulirudi nyuma kwa kumhurumia aliyekuwa mbele yako, au ulimuona wa Morogoro? Nauliza kwa sababu ni vitu viwili, na vinatibiwa tofauti. Emile Griffith, akigombea kuurudisha ubingwa wake wa dunia wa uzito wa welter, Machi 24 mwaka 1962 pale Madison Square Garden New York, alimbana Benny Paret kwenye kona raundi ya 12 akampiga ngumi nyingi mfululizo, refa akachelewa kuingia, na Paret akafariki siku kumi baadae. Watu wanapenda kukumbusha kwamba Paret alimtukana wakati wa kupima uzito, kama vile hasira ndio ilimpa Griffith ubingwa. Wanasahau miaka iliyofuata. Griffith aliota ndoto mbaya muda mrefu sana, na mwenyewe alikiri kwamba hakupigana tena kama zamani, alikuwa anaogopa kuumiza mtu. Na hata hivyo mwaka 1966 alimshinda Dick Tiger, yule Mnigeria, kwa pointi akachukua ubingwa wa dunia wa uzito wa kati. Kwa hiyo mtu kama wewe kuwa bingwa inawezekana, imeshatokea. Lakini sitaki nikuuzie hadithi tamu, ule ubingwa haukufuta ndoto.

Kocha anasema bingwa lazima awe na roho ya kuua. Mimi nimeangalia ngumi tangu nikiwa binti na sijaona ikiwa rahisi hivyo. Muhammad Ali huyu huyu tunaempenda, mwaka 1965 alimtesa Floyd Patterson raundi 12, na 1967 alimtesa Ernie Terrell raundi 15 huku anamuuliza jina langu nani, na wapenzi wengi wa ngumi mpaka leo wanaziita zile pambano za ukatili. Halafu mtu yule yule, Oktoba 30 mwaka 1974 Kinshasa, uwanja mzima unaimba Ali boma ye, ambayo kwa Kilingala ni Ali muue, George Foreman anaanguka raundi ya nane, Ali mkono wake wa kulia uko juu tayari, na hakuupiga. Alimzunguka tu akamuacha aende chini. Watu elfu kwa maelfu wanamwambia muue na yeye ameona kwamba kazi imeisha. Alimmaliza Foreman, hilo hakuna anayebisha, ila hakuongeza. Na kumbuka aliyekuja Kinshasa akipiga kila ngumi kwa nguvu zote alikuwa Foreman, akachoka mwenyewe.

Patterson nae, yule aliyeteswa. Alikuwa mpole mpaka watu wakawa wanasema hafai, lakini alichukua ubingwa wa uzito wa juu akiwa na miaka 21, akaupoteza kwa Ingemar Johansson kwa kuangushwa mara saba, na Juni 1960 akaupata tena kwa KO, wa kwanza kuurudisha katika uzito ule. Johansson akiwa chini hajitambui, mguu unatetemeka, Patterson alipiga magoti pembeni yake. Ngumi iliyomlaza ilikuwa ya huyo huyo aliyepiga magoti.

Nakueleza haya ili uone kwamba kumaliza pambano ni ujuzi, kama jebu ilivyo ujuzi, na mtu anaweza kuutumia bila kumchukia mwenzie hata chembe. Hasira ya baba yako inaweza kukupa ngumi nzito kwenye begi, sawa. Je ikifika raundi ya saba, umechoka, hasira imeisha, utashika nini? Hilo mwulize kocha, kwa heshima, mkiwa wawili, tena mpelekee na lile la ukuta. Mwambie, "Baba, ile dawa inafanya kazi hata sehemu ambayo sitaki." Anaweza kukasirika. Anaweza pia kuwa hakujua.

Sasa kitu ambacho kimenikaa zaidi kuliko vyote. Umeandika kwamba ulimuangalia refa. Mwanangu, kwenye kamba na yule wa Morogoro ulikuwa na taarifa ambayo refa hakuwa nayo, ukampiga. Safari hii ulikuwa nayo tena, ukajaribu kumpa, akaikataa, ukabaki umesimama katikati ya kazi mbili, ya bondia na ya refa. Larry Holmes alisimama hapo hapo. Oktoba 2 mwaka 1980 Las Vegas alipigana na Ali ambaye ana miaka 38 na amekwisha, na Holmes alikuwa zamani mtu wake wa sparingi, wa kupigana nae mazoezini, alimpenda. Alimpiga, na huku anamuangalia refa kama anaomba asimamishe. Hakuna aliyesimamisha mpaka kona ya Ali yenyewe ilipomtoa baada ya raundi ya kumi. Holmes aliondoka na ushindi, akalia. Na Manny Pacquiao, Novemba 2010 kule Texas, uso wa Antonio Margarito umevimba jicho limefunga, Pacquiao alimgeukia refa raundi za mwisho, refa akasema endeleeni, akaamua kupunguza mwenyewe mpaka kengele. Yeye alikuwa anaongoza mbali sana kwa pointi, aliweza kununua ile huruma. Wewe raundi ya nne ulikuwa bado hujaweka akiba. Na Margarito hata hivyo mfupa wa jicho ulishavunjika.

Kwa hiyo sidhani kuna njia ambayo haina gharama, tuziangalie tu.

Unaweza kurudi ulingoni na kuandaa huruma yako mapema badala ya kuitafuta katikati ya raundi. Kuna kikao cha sheria kabla ya pambano, muulize refa wazi atasimamisha kwa dalili gani, na msaidizi wako wa kona amkumbushe. Jizoeze kupiga mwili, mbavu na ini. Septemba 2004 Bernard Hopkins alimmaliza Oscar De La Hoya kwa ngumi moja ya ini, raundi ya tisa, De La Hoya alipiga sakafu kwa mikono kwa maumivu lakini akili zake zote zilikuwepo. Kwa mtu ambaye kichwa cha mwenzie kinamtesa usiku, hiyo njia nadhani ungeitazama. Hatari yake ni kwamba kufika mwilini lazima uingie karibu, na ukiingia karibu kichwa chako kiko wazi. Na muulize promota kabla hujasaini, gari la wagonjwa litakuwepo? Daktari? Ikitokea mtu ameumia kichwa anapelekwa wapi? Kama ni Dar, MOI, ile taasisi ya mifupa pale Muhimbili, wanafanya upasuaji wa ubongo, njia ya kufika ijulikane kabla. Uingereza walijifunza hili kwa uchungu, Michael Watson alipoumia Septemba 1991 akipigana na Chris Eubank alicheleweshewa matibabu, akakaa siku 40 hajitambui, na baadae mahakama ikasema wasimamizi wa ngumi walikuwa na wajibu kwake.

Unaweza kuendelea kushinda kwa pointi kama ulivyofanya. Eubank baada ya Watson alikuwa hivyo, watu walisema ameacha kumaliza. Ni njia ya heshima, ila hesabu zake zifanye vizuri, raundi zote kumi kila pambano ni ngumi nyingi zaidi kwa mpinzani wako na kwako pia, na pambano refu lina madhara yake hata kama hakuna ngumi moja kubwa. Mara nyingine kumaliza mapema ndio kumpunguzia mtu kipigo. Najua hilo sio rahisi kulisikia kutoka kwangu.

Kitu kimoja hapo nakuomba ukichukulie kwa uzito wote. Ukiwa na wasiwasi kwamba utaganda tena, basi usipande. Mtu aliyeganda mbele ya bondia aliyejeruhiwa ndie aliye kwenye hatari kubwa kuliko wote ukumbini, na hesabu za miezi zinaniambia siku ya marudiano mtoto wako atakuwa na mwezi mmoja hivi.

Na kuacha. Mkeo hajakosea kukuomba. Lakini sina uhakika kama anachokiogopa ni ngumi au ni ile sura ya jikoni, mwulize, kwa sababu ukiacha ngumi na ile hasira ikabaki imeamshwa utakuwa hujampa alichoomba. Ukiacha, nyumba ya Chamazi itangoja kwa muda, jina lako mtaani litabadilika, na kuna asubuhi utaamka saa kumi na moja miguu inataka kukimbia na huna sababu. Wapo mabondia wamekuwa makocha wazuri sana, na marefa. Mtu anayejua macho yakifunguka bila kuona yanafananaje, ulingo unamhitaji kwa namna zaidi ya moja. Sisemi uende huko. Nasema hiyo nayo ipo.

Usidhani pia kwamba refa mzuri anamaliza kila kitu. Wakenya wanamkumbuka Robert Wangila, medali ya dhahabu ya Olimpiki Seoul 1988, kijana aliyekuwa anapendwa. Julai 1994 Las Vegas refa alimsimamishia pambano akiwa bado kwa miguu yake, akaenda chumba cha kubadilishia nguo, akaanguka huko, akafariki. Anayekwambia ngumi inaweza kuwa salama kabisa ukiwa na moyo mzuri anakudanganya, na wewe hujadanganyika, ndio maana unaumia.

Kuhusu zile ngumi tatu sitakuhukumu na sitakusafisha. Kengele haikulia, refa hakuingia, sheria haikukataza, yote kweli. Na umeandika nilimuona Anti, nilimuona kabisa, ukairudia mwenyewe bila mtu kukuuliza. Nadhani umekuwa ukijaribu kuwarudishia wapinzani wengine kile unachomdai mtu mmoja, pambano baada ya pambano, pointi baada ya pointi, na mwenyewe yuko Morogoro masaa machache tu kwa basi. Griffith alikutana na mtoto wa Paret zaidi ya miaka 40 baadae, wakakumbatiana, mzee ameshachoka. Eubank hakungoja hivyo, mwaka 2003 Watson alipomaliza marathoni ya London kwa kutembea siku sita, Eubank alikuwa pembeni yake mwishoni.

Ukienda huenda atakufukuza, ana haki. Huenda asikukumbuke vizuri, jiandae na hilo. Huenda mama yake akakukaribisha chai na ikakuuma kuliko kufukuzwa. Usiende kuomba ruhusa ya kupigana tena wala kuomba akuondolee mzigo, na kocha muache Dar. Anza kwa kuijibu ile meseji ya mama, miaka miwili imepita lakini naamini namba ni ile ile, muulize kama unaweza kuja na siku gani inawafaa. Na uende jioni jua likishazama, au mapema sana asubuhi, ili mkae nje.